Vitabu Sita vya Jioni: Alama Zangu na Alama za Mama

Tangu masika yalipoanza mwezi wa nne, na barabara ya mtaa wetu hapa Kigamboni ikawa haipitiki kwa matope baada ya magharibi, nimekuwa nikimsomea mama vitabu kwa sauti kila jioni. Macho yake yameingia mtoto wa jicho; la kulia limekwisha kufanyiwa upasuaji, la kushoto linasubiri zamu yake, na herufi ndogo za vitabu zimemshinda kabisa. Mama ni mzaliwa wa Tanga, amevuka miaka 70, alisoma hadi darasa la nane, na tangu hapo amesoma kila kilichomfikia mkononi, kwa hiyo hasikilizi kitabu kama mtu anayesinzia mbele ya redio. Hunikatiza, hunisahihisha matamshi, na mwandishi akitumia neno pasipo mahali pake husema palepale. Akipendezwa huniambia, "Rudia hapo, mwanangu," nami hurudia hata mara tatu.

Katika miezi mitano tumemaliza vitabu sita. Kila tulipofika ukurasa wa mwisho tulitoa alama kwa kumi, kila mtu zake, mimi nikiandika zangu kwenye karatasi kabla ya kumuuliza mama, ili nisivutwe na kauli yake. Naziweka hapa zote mbili, kwa sababu nimejifunza kwamba kitabu cha Kiswahili kinachosomwa kwa sauti hupimwa kwa mizani nyingine. Sentensi iliyolegea, ambayo jicho lingeiruka bila kujali, sikio huinasa; na msikilizaji aliyelelewa ndani ya lugha hababaishwi na jalada zuri wala na jina kubwa la mwandishi.

Kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote ni Peponi. Riwaya hii ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, lakini wengi wetu tulianza kuitafuta baada ya Oktoba 2021, mwandishi wake, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tafsiri ya Kiswahili ni kazi ya Ida Hadjivayanis, na ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka michache kabla yake nilikuwa nimekwisha kuisoma kwa Kiingereza, nikadhani hadithi naijua na kwamba kazi yangu ingekuwa kumsomea mama tu.

Yusuf ni mvulana wa miaka 12 anayetolewa kwa wazazi wake na kupelekwa pwani kwa tajiri Aziz, mfanyabiashara anayemdai baba yake. Huko anaambiwa na Khalil, kijana mwenzake wa dukani, jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia: kwamba hakuja kutembea, bali amewekwa rehani. Wakati wenyewe ni miaka ya utawala wa Wajerumani, muda mfupi kabla ya vita vya 1914, misafara ya biashara ikiwa bado inakwenda bara lakini siku zake zimehesabika. Mama alipolisikia jina la Yusuf, akaelezwa kwamba kijana ni mzuri wa sura na kwamba ameondolewa kwao kwa sababu isiyo kosa lake, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mbele kuna mke wa tajiri?" Nilikuwa sijamwambia neno lolote. Jioni nyingi baadaye, tulipoingia ndani ya ile nyumba yenye bustani, kwa bibi aliyejificha kwa sababu ya alama usoni pake, na hatimaye tukafika kwenye shati lililochanwa kwa nyuma, mama alipiga kofi la furaha, kwa kuwa kisa cha Yusuf na Zuleikha alikisoma chuoni akiwa mtoto na alikuwa akikisubiri tangu jioni ya pili.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba usomaji wangu wa Kiingereza ulikuwa umenipa nusu ya kitabu. Wasomaji wa mbali huhitaji mtaalamu wa kuwaonyesha kwamba sura ya Yusuf katika Kurani imelala chini ya riwaya hii nzima. Msomaji wa pwani, hata asiyejua lolote kuhusu tuzo za fasihi, anaijua kabla ya kufunua jalada. Tena wahusika wenyewe walikuwa wakizungumza Kiswahili siku zote. Utani wa Khalil kwa wateja, mabishano ya wazee barazani, na matusi ya mnyapara wa msafara havikuwahi kuwa vya Kiingereza. Tafsiri hii imevirudisha kwenye vinywa vilivyovitamka, na nilipokuwa nikisoma mazungumzo ya dukani sikuhisi hata mara moja kwamba napita juu ya daraja kati ya lugha mbili.

Kuna ukurasa mmoja ninaotaka kuutaja kipekee. Mzee Hamdani, mtunza bustani asiyesema na mtu, alikuwa mtumwa. Bibi yake alimwambia kwamba amempa uhuru wake, naye akakataa kuondoka. Anapomweleza Yusuf sababu, hoja yake ni kwamba uhuru si mali ya mtu kumpa mwenzake kama zawadi, kwa hiyo bibi yule alijitwalia uwezo wa kutoa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Mama aliniomba nirudie maneno hayo, kisha akaniambia nifunge kitabu kwa usiku ule. Kesho yake asubuhi, nikiwa kwenye pantoni kuelekea kazini, bado nilikuwa nikiyafikiria, na siwezi kusema hivyo kuhusu vitabu vingi nilivyovisoma baada ya kumaliza shule.

Udhaifu upo. Msafara wa kwenda kwa mtemi Chatu unachukua kurasa nyingi, na mama, ambaye hakusinzia katika sehemu nyingine yoyote, alisinzia humo mara mbili. Majina ya watu na mahali yanaongezeka upesi, na msikilizaji asiyeweza kurudi nyuma kwa macho hupotea. Mimi nilitoa alama 9. Mama alitoa 8: moja aliiondoa kwa ajili ya msafara, nyingine kwa ajili ya uamuzi wa Yusuf katika ukurasa wa mwisho, ambao hadi leo hajamsamehe. Nilimweleza kwamba kijana hakuwa na mlango mwingine. Alinijibu kwamba kijana hakuutafuta.

Baada ya Peponi nilichagua kitabu chembamba ili tupumzike: Wasifu wa Siti binti Saad, alichokiandika Shaaban Robert na kuchapishwa mwaka 1958. Mama alizaliwa mwaka 1950, mwaka uleule aliofariki Siti, na nyimbo zake alizipokea kwa bibi yake. "Kijiti" anaufahamu mwanzo hadi mwisho. Habari zenyewe ni za ajabu: binti wa Fumba, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyeuza vyungu mjini, akaja kuwa mwimbaji aliyevushwa bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Lugha ya Shaaban Robert ina mwendo wa hotuba ya mtu mwungwana, na kuisoma kwa sauti ni raha tupu. Hata hivyo kila tulipotaka kumwona Siti mwenyewe, amekaa, anafanya mazoezi, anakosana na wapigaji wake, mwandishi alitupa badala yake maelezo kuhusu subira, wivu na fadhila. Mama alitaka kujua alivaa nini siku ya kwanza aliyoimba mbele ya watu wakubwa. Mimi nilitaka kujua wimbo ulitungwaje. Tulitoa alama 6 sote wawili, na hiyo ndiyo mara pekee tuliyolingana.

Kitabu cha tatu nusura kituharibikie kwa sababu isiyo ya mwandishi. Vuta N'kuvute cha Adam Shafi nilikinunua kwa haraka kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara mjini, nikitoka kazini, kwa bei iliyonifurahisha. Nyumbani, chini ya taa, niliona kwamba picha ya jalada ina ukungu, karatasi ni nyembamba kiasi kwamba maandishi ya upande wa pili yanaonekana, na tulipofika katikati ya hadithi kurasa 16 hazikuwepo, mahali pake pakiwa pamejazwa kurasa 16 tulizokuwa tumekwisha kuzisoma. Lilikuwa toleo la wizi. Mama alikuwa amekaa mkao wa kusikia, Yasmin amekwisha kuondoka kwa mumewe, nami sina la kumsomea. Ilibidi nitafute nakala halali, ambayo niliilipia zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, na naandika haya kwa uchungu kwa sababu mwandishi aliyetumia miaka kujenga hadithi hapati hata senti moja katika nakala za namna ile, na msomaji naye anauziwa hadithi yenye shimo. Nawasihi wanunuzi wafungue kitabu kabla ya kulipa, wapitishe kidole kwenye namba za kurasa na watazame ubora wa karatasi.

Hadithi yenyewe, iliyochapishwa mwaka 1999, inatokea Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mno, na baada ya kumkimbia anakataliwa na jamaa zake, akapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo asiye na mali ila ana moyo mkunjufu. Kupitia kwake anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayefanya siasa za siri dhidi ya wakoloni huku akiwindwa na Inspekta Wright. Adam Shafi ndiye yule aliyetupa Kuli mwaka 1979, na hapa pia kipaji chake kikubwa ni kuyafanya mazungumzo yasikike. Nilipokuwa nikisoma maneno ya Mwajuma sikuhitaji kubadilisha sauti. Sentensi zenyewe zilinibadilisha. Mama aliniambia kwamba akina Mwajuma aliwajua, na kwamba duka la Raza ni lilelile la Barabara ya Nane, Ngamiani, alikokuwa akitumwa mafuta ya taa utotoni, lenye mizani juu ya meza na kisima cha giza nyuma ya pazia.

Ninapotofautiana naye ni kuhusu Denge. Kijana huyu hana kasoro yoyote inayomuumiza: ni jasiri, msomi, mwenye subira, na hata anapomkosea Yasmin, kosa lake linapewa jina zuri la wajibu. Kila anapokaa na wenzake kupanga mambo, hadithi inapunguza mwendo na kuanza kutoa hotuba. Nilitamani mwandishi amtie udhaifu wa kibinadamu kama aliouonyesha kwa Yasmin, anayependa, anayeogopa na anayebadilika kila sura. Nilitoa 7. Mama alitoa 9 na kusema kwamba mimi sikuishi nyakati zile, kwamba vijana wa namna ya Denge walikuwepo na walikuwa hivyohivyo. Filamu iliyotokana na riwaya hii, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutoka mwaka 2021, bado hatujaitazama pamoja, kwa kuwa tunasubiri jicho la kushoto.

Rosa Mistika nilikisoma mara ya kwanza nikiwa sekondari, nikitafuta dhamira na mbinu za kuandika katika mtihani, na nakiri kwamba sikukisoma kweli. Ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikarudi kuwa kitabu cha kufundishia. Zakaria ni baba mlevi anayewachunga binti zake kwa fimbo. Rosa, mkubwa wao, analelewa bila kuruhusiwa hata kuongea na mvulana, na siku anapotoka nje ya ua ule, kwanza shuleni Mwanza na baadaye chuoni, hana ngao yoyote isipokuwa woga, ambao haudumu.

Sura ambayo baba anaigundua barua ya Charles na kumpiga binti yake ilituvuruga. Kezilahabi huandika kwa sentensi fupi zisizopambwa, na kwa sauti ufupi ule ni mkali kuliko unavyoonekana kwenye karatasi, kwa kuwa msomaji hapati mahali pa kuvuta pumzi. Mama aliniambia nisimame. Siku mbili hatukusoma. Tuliporudi alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza hata mara moja, jambo ambalo si kawaida yake, akatoa alama 5. Nilipomuuliza sababu alisema kwamba mwandishi anajua mno kumwadhibu msichana, na kwamba wanaume waliompitia Rosa wanaondoka kwenye hadithi wakiwa salama kana kwamba walikuwa wapita njia. Nilitoa 9 na sijaipunguza, kwa sababu naamini riwaya inamshtaki Zakaria na wale wanaume kwa ukimya uleule unaomuudhi mama: wanaondoka salama kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wakiondoka, na bado ndivyo wanavyoondoka. Hata hivyo hoja yake imenibadilishia usomaji wangu, na nikiwa mwalimu ningeianzisha darasani kabla ya kutaja neno dhamira.

Sasa nifike kwenye kitabu nilichokipa alama zote kumi. Sauti ya Dhiki ni diwani ya Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1946. Alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, "Kenya: Twendapi?", na kati ya 1969 na 1972, katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, akiwa peke yake sehemu kubwa ya muda huo, alitunga mashairi haya na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakatoroshwa nje. Oxford waliyachapisha Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1974 kitabu kikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Nakala niliyonayo ni kuukuu, ya kuazima, na mwenyewe amenisisitiza nisiitoe nje ya mfuko wa plastiki mvua ikinyesha.

Mashairi yale hayasomwi kwa kukurupuka. Yako katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, na mtu aliyezoea Kiswahili cha shule tu atajikwaa kwenye "ndia" kwa maana ya njia, "mato" kwa maana ya macho, "nti" kwa maana ya nchi, na hata kwenye jina la shairi maarufu kuliko yote, "Siwati", ambalo maana yake ni siachi. Kwa hiyo nilikuwa nikijiandaa asubuhi kwenye foleni ya pantoni, nikihesabu mizani kwa vidole na kutafuta mahali kina cha kati kinapotua, kwa sababu ukikosea pumzi katikati ya mshororo, beti nzima inaanguka. Siku moja mzee aliyesimama kando yangu, mwenye kikapu cha ndimu, aliniuliza kama ninachosoma ni "Siwati". Nilipoitikia aliniomba nianze upya, nami nikamsomea beti mbili kabla ya geti kufunguliwa na watu kuanza kusukumana.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti kabisa na nilivyotarajia. Nilipomaliza ubeti wa kwanza mama alisema kwamba shairi halisomwi hivyo kama tangazo la mnada. Akaniambia nimpe mshororo mmoja baada ya mwingine, naye akawa anaughani, kwa mahadhi aliyoyapata kwa wajomba zake wa Tanga, akipanda kwenye kina cha kati na kushuka mwishoni. Maneno ya Kimvita hayakumsumbua, kwa maana ndugu yake aliolewa Mombasa na Tanga si mbali. Tulikwenda hivyo kwa majuma mawili. "Mamba" tulilighani mara nne, na kila mara mnyama yule anayejivunia nguvu zake mtoni alizidi kufanana na mtu. Katika "Mnazi", shairi refu la kujibizana ambamo Alii na Badi wanagombea mti mmoja, tuligawana: mimi nikawa Badi, mama akawa Alii, na majirani wawili walikuja kukaa kwenye ngazi za nyumba yetu kusikiliza nani atashinda.

Nimepata kusikia watu wakilalamika kwamba arudhi ya zamani, yaani kanuni za vina na mizani, ni pingu kwa mshairi wa sasa. Kwa kijana aliyefungwa kwelikweli, asiye na kalamu ya halali wala mtu wa kuzungumza naye, naona vina na mizani vilimfanyia kazi iliyo kinyume cha pingu: vilimwezesha kuitunga beti kichwani, kuikariri na kuihifadhi hadi apate kipande cha karatasi. Ndiyo maana inakaa kichwani mwa anayeisikia pia. Mama alitoa 9. Alama moja aliiondoa kwa kuwa, kwa maoni yake, mashairi machache yanarudia hasira ileile bila kuongeza picha mpya. Sikubishana naye, lakini 10 yangu ipo palepale.

Cha mwisho ni Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979, ikapata tuzo ya Noma mwaka 1980, na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Clement Maganga. Nilikiweka mwisho kwa sababu nilikiogopa kidogo. Ramatoulaye amefiwa na mumewe, Modou, yumo ndani ya eda, na katika siku zile za kujitenga anamwandikia rafiki yake Aissatou kila kilichomkaa moyoni: miaka ya ndoa, watoto 12, na siku Modou alipooa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao Daba, habari ambazo yeye aliletewa na wajumbe ndoa ikiwa imekwisha kufungwa. Mama alikaa eda ya miezi minne na siku kumi baba alipofariki, na sikujua atakipokeaje.

Alikipokea kama barua aliyoandikiwa yeye. Mambo ambayo msomaji wa mahali pengine angehitaji kuelezwa, kama vile ugeni unaojaa nyumbani, fedha za rambirambi zinavyogawanywa, na ndugu wa mume wanavyoingia na kutoka kama wenye nyumba, kwake yalikuwa ya kawaida, hata akawa ananieleza yeye mimi. Tulipofika mahali ambapo Tamsir, kaka wa marehemu, anakuja siku ya arobaini kutangaza kwamba atamrithi mjane, na Ramatoulaye, aliyenyamaza kwa miaka 30, anamjibu, mama aliinuka kwenye mkeka akakaa wima. Umeme ulikatika katikati ya jibu lile. Niliendelea kwa mwanga wa simu, kwa sababu hakuniruhusu niache, na nilipomaliza aliniambia nirudie tangu Tamsir anapofungua mdomo.

Kwa upande wangu, tafsiri hii ni nzuri bila kufikia ulaini wa Peponi. Kifaransa cha asili kina sentensi zenye tafakuri ndefu, na mahali pengine Kiswahili chake kimezibeba kwa ugumu, majina ya dhana yakifuatana hadi msomaji wa sauti anaishiwa pumzi kabla ya kufika kwenye kitenzi. Sura zinazohusu elimu na siasa za kizazi cha uhuru ndizo zilizonichosha zaidi. Lakini Aissatou, aliyemwacha mumewe Mawdo badala ya kugawana naye mke wa pili na kwenda kujitegemea hadi kufanya kazi ubalozini Marekani, ni mmoja wa wahusika waliochorwa kwa maneno machache na kubaki wazima akilini. Nilitoa 8. Mama alitoa 10, ambayo hakuwa ameitoa kwa kitabu chochote, na nilipomuuliza kama ile hali ya sentensi kuelemewa haikumkera alisema kwamba mwanamke aliye ndani ya eda huzungumza hivyo, kwa kurudi na kuzunguka, na kwamba nitalijua hilo nitakapokua.

Nakala yetu ya Barua Ndefu Kama Hii imekwenda Tanga kwa basi la asubuhi, imefungwa kwa gazeti, kwa dada yake mama ambaye naye ni mjane. Ameahidi kuirudisha kabla vuli haijaanza, na ametuma ujumbe kwamba naye atatoa alama zake.